Fedha Iliyo Chini ya Rangi: Soko la Kubandua Rangi za Boti za Faiba

Boti ya faiba haiozi. Ahadi hiyo ndiyo iliyoiuza kutoka Lamu hadi Mtwara, na sasa imefika hadi Ziwa Victoria. Wadudu watoboao mbao hawaiwezi, haina mianya ya kukalafati, na mvuvi aliyezoea kupaka mafuta ya sifa na deheni kila msimu huona amepunguziwa mzigo. Lakini boti ya faiba hupakwa rangi, na rangi ina gharama ambayo haiandikwi popote siku ya kununua chombo. Kila mwaka au kila baada ya miaka miwili koti jipya hupakwa juu ya koti kuukuu. Boti ikishapita mikononi mwa wamiliki wawili watatu, hakuna tena anayejua imevaa nini. Rangi ikianza kubanduka kwa mapande makubwa, mwenye boti huambiwa kuwa kupaka tena hakutasaidia. Sharti kwanza kijulikane kilichopo, kisha kiondolewe bila kuijeruhi faiba yenyewe.

Kazi hiyo bado ni changa Afrika Mashariki, ila wateja wake wako njiani. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Zanzibar nayo imegawa boti za faiba kwa wavuvi chini ya sera yake ya uchumi wa buluu, na upande wa Kenya vikundi vya usimamizi wa fukwe, maarufu kama BMU, vimepata boti za aina hiyo kupitia kaunti na miradi ya serikali. Boti zilizoundwa pamoja huzeeka pamoja. Zile zilizogawiwa miaka hii zitafika kwa mafundi kwa mkumbo mmoja, na zitakuta foleni ya boti za watalii wa Watamu, Mtwapa na Nungwi, za wapiga mbizi, za kuvushia abiria, na za mtumba zilizoletwa kutoka Ulaya na Ghuba zikiwa na historia isiyojulikana.

Wenye boti wengi huichukulia rangi kuukuu kuwa suala la sura tu. Hesabu inasema vingine. Chukua boti yenye urefu wa mita 8, upana wa mita 2.4, inayozama sentimita 40. Kwa kanuni wanayoitumia watengenezaji wa rangi, yaani urefu mara jumla ya upana na kina, sehemu inayokaa majini ina takriban mita za mraba 22. Koti moja la rangi ya kuzuia viumbe wa baharini likikauka huwa na unene wa mikroni 75 hivi. Makoti kumi yanafika robo tatu ya milimita, na hiyo ni zaidi ya lita 16 za rangi kavu. Kwa kuwa rangi hizo hujazwa oksaidi ya shaba, ambayo ni nzito, chombo hubeba zaidi ya kilo 30 zisizo samaki wala abiria. Na uzito wenyewe si hasara kubwa kuliko zote. Rangi iliyobanduka hapa na kubaki pale huacha kingo, maji husuguana nazo, na viumbe hupata pa kushika. Mtafiti Michael Schultz wa Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani alikadiria mwaka 2007 kuwa meli ya kivita ya aina ya frigeti iliyoota magamba mazito chini huweza kuhitaji nguvu ya injini iliyozidi kwa asilimia 86 ili ibaki kwenye mwendo wake wa kawaida. Boti ya mvuvi si frigeti, lakini mvuvi huyo hununua petroli kwa fedha ya mfukoni, na kila lita inayoishia kwenye ukoko inatoka kwenye mgawo wa mabaharia.

Tatizo la soko hili liko kwenye namna ya kulipa. Rangi huuzwa kwa kopo, fundi hulipwa kwa siku au kwa kazi ya jumla, na hakuna bei ya kupima. Mteja anafika na kopo lake na kusema, "Fundi, nipigie rangi." Fundi akitumia nusu siku kuchunguza, hiyo nusu siku ni yake. Akigundua kuwa rangi ya chini imeshika vizuri na haihitaji kuondolewa, amejinyima vibarua vya wiki nzima. Akigundua kuwa lazima iondolewe yote, anaonekana anatafuta ulaji, na mteja anahamia kwa fundi wa pili asiyeuliza maswali. Soko la namna hiyo humlipa anayepaka haraka na humwadhibu anayechunguza, kisha sote tunashangaa kwa nini rangi za boti hubanduka baada ya msimu mmoja.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji maabara. Unaanza kwa kufungua dirisha. Fundi huchagua sehemu kadhaa, karibu na mkuku, ubavuni, tezini na pale boti inapogusa mchanga, kwa sababu viraka vya zamani hufanya kila sehemu iwe na historia yake. Hulowesha na kusugua kwa msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, akipanua mduara kwa mteremko mdogo hadi kila tabaka lijitokeze kama pete za mti uliokatwa. Husoma kutoka nje kwenda ndani: bluu ya mwaka jana, nyeusi ya kabla yake, nyekundu, pengine kijivu cha epoksi, na mwisho weupe wa jelikoti. Hapo ndipo pa kusimama. Jelikoti ni ngozi ya boti, nayo ina unene wa nusu milimita hadi milimita 0.8 tu. Msasa ukifika kwenye rangi ya kijani iliyofifia, yenye nyuzi zinazoonekana kwa ndani, umekwisha kuipita na kuingia kwenye faiba.

Kisha kila pete huhojiwa peke yake. Kitambaa kilicholoweshwa maji kikitoka na rangi, tabaka hilo ni la aina inayojimega taratibu majini. Kitambaa chenye thina kali kikiachwa juu ya pete kwa dakika chache, rangi za kopo moja, kama rangi ya mafuta ya madukani na rangi nyingi za kuzuia viumbe, hulainika au hukunjamana. Zile zinazochanganywa na hadina (dawa ya kukaza), yaani epoksi na poliyurethani, hazitikisiki. Kisu nacho kina majibu yake: rangi ya mafuta hutoka ikiwa imejikunja, epoksi huruka vipande vigumu, na rangi yenye shaba nyingi humetameta kwa wekundu pale ilipochanwa.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha mikato. Fundi huchora kwa wembe mistari iliyopishana, hubandika utepe imara, huubandua kwa mkupuo, kisha hutazama nini kimetoka na kimetokea tabaka gani. Njia hii ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 2409, lakini inafanyika kwa wembe wa dukani. Jibu lake lina thamani ya fedha. Tabaka linaloachia likiwa la tatu kutoka juu, kukwangua mawili ya kwanza ni kulipia kazi isiyo na maana, maana rangi mpya itashikwa na lile lile dhaifu. Lisipoachia tabaka lolote, pengine boti haihitaji kukwanguliwa kabisa. Inatosha kuipiga msasa, kuipaka koti la kuunganisha na kuendelea.

Bila kujua kilichopo chini, hata rangi ya bei kubwa huharibika. Poliyurethani yenye hadina ikipakwa juu ya rangi ya mafuta ya kopo moja, vimumunyisho vyake huilainisha ile ya chini na uso mzima hukunjamana kabla haujakauka. Kinyume chake, kopo moja juu ya epoksi iliyosuguliwa vizuri hukaa bila shida. Rangi ngumu ikipakwa juu ya ile inayojimega hupoteza msingi wake kadiri ya chini inavyolegea, kisha hutoka kwa mapande. Na kuna siri nyingine huzikwa chini ya rangi: fila ya bodi za magari. Mafundi wengi wa boti zetu walianzia gereji, na fila hiyo ndiyo waliyoizoea. Juu ya maji huvumilia. Chini ya maji hunyonya unyevu, huvimba na kusukuma rangi nje. Ikionekana kwenye dirisha, iondolewe na nafasi yake ijazwe kwa epoksi.

Kuondoa rangi ndiko kunakokula fedha nyingi, na pia ndiko kunakofanya uharibifu usiorudishika. Fundi aliyelelewa kwenye mbao huwa na silaha aliyorithi, yaani moto. Jahazi na mashua huchomwa chini kwa moto wa makuti ili kuua wadudu, na mbao hustahimili. Rezini ya poliesta haistahimili. Huanza kulegea kwenye joto lisilozidi la maji yanayochemka, huku bunduki ya hewa moto ikitoa mamia ya digrii. Boti iliyobanduliwa kwa moto huweza kupendeza ikikauka, wakati rezini imeachana na nyuzi kwa ndani. Moshi wake pia ni sumu kwa anayeushika mtambo huo.

Sodakostiki, inayopatikana kirahisi na kwa bei nafuu, nayo ni adui. Hung'oa rangi kwenye chuma, lakini kemikali hiyo huivunja poliesta yenyewe. Dawa za kutoa rangi zenye daikloromethani hufanya vivyo hivyo kwa jelikoti ikiwa zitaachwa zikae, na ni hatari kwa mtu kiasi kwamba Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuuzwa rejareja kwa matumizi hayo. Zipo dawa za kizazi kipya zilizotengenezwa kwa pombe ya benzili. Hupakwa nene, hufunikwa kwa nailoni, huachwa kwa saa nyingi, kisha rangi hukwanguliwa ikiwa tope lisilorusha vumbi. Bei yake ni kubwa na zinaagizwa kutoka nje, ila kwa boti yenye makoti kumi zinaweza kuokoa siku kadhaa za vibarua.

Grainda yenye diski kali ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo ninayoilaumu zaidi. Inaipita jelikoti kwa sekunde chache. Huacha mabonde ambayo hayaonekani kivulini, lakini jua la jioni likipiga ubavuni huonekana yote, na kuyajaza kwa epoksi kunagharimu kuliko kile kilichookolewa kwa haraka. Kifaa kinachofaa kuanzia ni kikwaruzo cha kuvuta chenye meno ya kabaidi, pembe zake zikiwa zimeviringishwa kwa jiwe la kunolea zisichimbe. Kinafuatiwa na mashine ya msasa inayozunguka na kutikisika, iliyounganishwa na kifyonza vumbi. Karakana ndogo inaweza kumudu vitu hivyo, na kwa maoni yangu huo ndio uwekezaji wa kwanza unaofaa kwa mwambao wetu.

Ulaya na Amerika Kaskazini kazi kubwa hufanywa kwa kupuliza magadi au vumbi la kioo kwa presha, pengine na maji, na bei hutajwa kwa urefu wa boti. Njia hiyo ni ya haraka, na magadi hayachimbi sana, ingawa mabaki yake lazima yaoshwe vizuri la sivyo rangi mpya haitashika. Kwetu mtambo huo na kompresa yake vinalipa pale tu boti zinapokusanyika kwa wingi, mfano Dar es Salaam, mjini Unguja au Mtwapa. Anayefikiria kupuliza mchanga wa pwani badala yake aache. Una chumvi itakayobaki kwenye faiba, na vumbi lake la silika huharibu mapafu bila tiba.

Kuna mgongano mwingine unaoliumiza soko hili, nao ni wa kalenda. Boti za utalii na za kuvua kwa ndoana huja juu wakati wateja wanapopungua, yaani kuanzia masika hadi kusi inapokaza. Hiyo ndiyo miezi yenye unyevu mwingi, na faiba iliyovuliwa rangi inahitaji kukauka. Poliesta hunyonya maji polepole kwa miaka. Maji hayo huchanganyika na kemikali zilizobaki ndani ya rezini, shinikizo hujengeka na malengelenge huchomoza. Ukilipasua moja, hutoka majimaji yenye harufu kama ya siki. Boti hiyo huoshwa mara nyingi kwa maji yasiyo na chumvi na kuachwa wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kupakwa epoksi ya kuzuia maji. Kuifunga kwa epoksi katikati ya masika ni kufungia maji ndani. Karakana yenye paa na turubai za pembeni inaweza kudai bei ya juu, na inastahili. Kipima unyevu nacho hudanganywa na rangi yenye shaba, hivyo anayenunua boti ya mtumba asiamini namba zake mpaka vipande kadhaa vya rangi vimeondolewa hadi kwenye jelikoti.

Kwa Ziwa Victoria mambo ni tofauti. Maji baridi huingia kwenye faiba kwa kasi kuliko ya chumvi, kwa hiyo epoksi ya kuzuia maji ni muhimu zaidi Mwanza kuliko Tanga. Upande wa pili, ziwani hakuna yale magamba ya baharini yanayoifanya rangi ya shaba iwe ya lazima. Ute na mwani huondoka kwa brashi. Mradi wa boti za ziwani unaonunua rangi ya sumu ya baharini unanunua gharama ya kuja kuibandua.

Sumu hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Rangi za kuzuia viumbe hufanya kazi kwa kuua, na zile za zamani ziliua bila kipimo. Mchanganyiko wa bati uitwao TBT uliharibu mashamba ya chaza katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, hadi nchi hiyo ikauwekea marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa kudhibiti rangi hizo ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika 17 Septemba 2008. Januari 2023 marufuku ikaongezwa kwa sibutrini, iliyouzwa pia kwa jina la Irgarol 1051. Jambo hilo linaihusu Zanzibar moja kwa moja, kwani utafiti uliochapishwa 2016 uliikuta kemikali hiyo kwenye maji ya maeneo ya matumbawe ya visiwa hivyo.

Marufuku haiondoi kilichokwisha kupakwa. Sweden ilikataza TBT kwa boti ndogo mwaka 1989, lakini miongo kadhaa baadaye watafiti waliopita bandarini na kifaa cha mkononi cha miali ya eksirei bado walikuta bati chini ya rangi mpya. Boti ya mtumba iliyoundwa Ulaya miaka ya themanini inaweza kuwa na zawadi hiyo kwenye pete yake ya ndani kabisa. Ikikwanguliwa kavu ufukweni mwetu, vumbi huenda na maji yakijaa. Unguja tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, na boti nyingi hufanyiwa kazi papo hapo mchangani, kati ya bamvua moja na nyingine. Yote yanayodondoka huishia baharini, pale pale wanawake wanapolima mwani na kuokota chaza. Taasisi za mazingira za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zina mamlaka juu ya hilo, lakini turubai chini ya boti, kusugua kwa maji na gunia la kukusanyia tope havihitaji kusubiri mkaguzi.

Wanaoanza kuilipia sumu hiyo ni vibarua. Kijana aliyejifunga fulana usoni anavuta oksaidi ya shaba, vumbi la kioo na chochote kilichofichwa na rangi za zamani, pengine hata risasi. Barakoa yenye vichujio vya vumbi na mvuke, miwani na nguo ya kufunika mwili ni gharama ya kazi, na ziwekwe kwenye bei kama thina inavyowekwa. Mwenye boti anayekataa kulipia barakoa anahamishia gharama hiyo kwa familia ya mtu mwingine.

Makubaliano ya haki yangekuwa na bei mbili. Ya kwanza ni ya kupima: madirisha kadhaa, majaribio ya maji, thina na mikato, picha za simu, na maelezo mafupi ya tabaka gani liondoke na lipi libaki. Hulipwa hata kama jibu ni kwamba boti haihitaji kubanduliwa. Ya pili ni ya kubandua, kwa mita ya mraba na hadi tabaka lililotajwa, ili fundi asinufaike kwa kuchelewa wala kwa kuchimba zaidi. BMU na vyama vya ushirika vya wavuvi vinaweza kumiliki vikwaruzo, mashine na kifyonza vumbi kwa pamoja na kuvikodisha. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA nchini Tanzania, Chuo cha Bahari Dar es Salaam na Bandari Maritime Academy ya Mombasa vina mahali pa kuufundishia ujuzi huu bila kujenga jengo jipya.

Kwa boti mpya zinazogawiwa sasa, kuna hatua isiyo na gharama ya ziada. Koti la kwanza la rangi ya kuzuia viumbe liwe la rangi tofauti na yanayofuata, tuseme jekundu chini ya bluu, ili wekundu ukianza kuonekana kila mtu ajue bluu imekwisha. Lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 10, hivyo kuchagua makopo mawili ya rangi mbili badala ya moja hakubadilishi bajeti. Ndani ya boti, pasipofikiwa na maji, ibandikwe karatasi yenye jina la rangi, namba ya kopo, tarehe, idadi ya makoti na jina la aliyepaka. Fundi atakayeikuta karatasi hiyo baada ya miaka minane atafungua dirisha moja la kuhakikisha badala ya manane ya kutafuta, na bei yake ya kupima itashuka kwa kiasi hicho.